Namba Ikikushtua, Mtazame Mgonjwa Kwanza

Wadogo zangu wauguzi, pamoja na nyinyi mnaosoma kona hii mkiwa nyuma ya meza zenu za nguo na viatu,

Barua ya safari hii imetoka kwa mdogo wetu anayefanya kazi katika kliniki ndogo karibu na soko la Owino, Kampala. Anasema hivi: "Dada, huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Majibu ya maabara yakija naangalia zile herufi H na L pembeni, basi. Juzi alikuja mama muuza nguo, karatasi yake imeandikwa K 6.8. Daktari alikuwa ametoka. Mama mwenyewe alikuwa amekaa, anaongea na simu, ana haraka ya kurudi kwenye meza yake. Sikujua nimkimbize hospitali ya Mulago au nimwachie aende. Nilipompigia daktari nilishindwa hata pa kuanzia. Nisaidie niache kuiogopa karatasi."

Mdogo wangu, hofu yako naielewa, na umefanya vema kuuliza. Habari za yule mama nitakujibu tukifika kwenye potasiamu. Kabla ya hapo nataka ushike jambo moja litakalokufaa hata siku ambayo hakuna wa kumuuliza: namba ya maabara haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na mtu aliye mbele yako, pamoja na jinsi damu ilivyotolewa, na pamoja na namba aliyokuwa nayo mara ya mwisho. Majirani zako wa Owino wanalijua hili kuliko wengi wetu. Mfanyabiashara akinunua belo la mitumba husoma lebo, lakini hapangi bei mpaka akate kamba, aingize mkono na azishike nguo zenyewe. Nawe soma karatasi, kisha nenda ukamshike mgonjwa mkono.

H na L maana yake nini

H ni namba iliyopita mpaka wa juu, L ni iliyoshuka chini ya mpaka. Mpaka wenyewe hupatikana kwa kupima watu wengi wasio na ugonjwa, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Ina maana kwamba katika kila watu 20 wazima wa afya, mmoja hutoka nje ya mpaka bila kuwa na tatizo lolote. Mtu huyo mzima akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa karatasi yake kuwa na H au L angalau moja ni karibu theluthi mbili. Kwa hiyo herufi peke yake si ugonjwa. Kilicho muhimu ni namba imetoka nje ya mpaka kwa umbali gani, imebadilika kwa kasi gani, na mgonjwa anaonekanaje.

Uliza pia mpaka huo uliwekwa kwa damu ya kina nani. Mashine nyingi tunazotumia huja na viwango vilivyopatikana Ulaya na Marekani. Waafrika wengi hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Kukosa alama hiyo huwakinga na malaria ya aina ya vivax, na pia huendana na kuwa na nyutrofili chache zaidi kwenye damu, nyutrofili zikiwa ni zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Mtu wa namna hiyo haugui kuliko wengine. Akipata nyutrofili 1.3 kwenye karatasi yenye mpaka wa chini wa 2.0, mashine itaweka L, naye ni mzima. Lakini namba hiyo hiyo kwa mgonjwa anayetumia dawa za saratani, tena ana homa, ni ya kumfikisha hospitali saa hiyo. Namba ni moja, watu ni wawili, na maamuzi ni mawili.

Halafu angalia kipimio. Maabara moja huandika sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Sukari 7 ya kwanza ni sawa na 126 ya pili, kwa sababu unazidisha kwa 18. Kreatinini 1 kwa mg/dL ni kama 88 kwa mikromoli. Hemoglobini 11 kwa g/dL ndiyo 110 kwa g/L. Mgonjwa aliyepimwa katika kliniki mbili tofauti anaweza kudhani amebadilika sana, kumbe kilichobadilika ni kipimio tu.

Damu ilitolewaje?

Hili ndilo swali ambalo muuguzi analijua kuliko daktari, kwa sababu mara nyingi ni yeye aliyeshika sindano.

Chupa ya kifuniko cha zambarau ina kemikali ya kuzuia damu kuganda iitwayo EDTA, na kwa kawaida huwa ni chumvi ya potasiamu. Inafaa sana kwa kuhesabu chembe. Tatizo huanza pale unapoona chupa nyekundu haijatosha, ukamiminia kidogo kutoka kwenye ya zambarau. Hapo umeongeza potasiamu, na EDTA imeikamata kalsiamu. Karatasi itarudi na potasiamu ya kutisha na kalsiamu iliyo chini mno, huku mgonjwa anatembea. Usimimine kamwe damu kutoka chupa moja kwenda nyingine. Jaza kwa mpangilio huu: ya bluu, kisha nyekundu au njano, kisha kijani, kisha zambarau, na ya kijivu ya sukari iwe ya mwisho.

Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Usimwambie mgonjwa akunje na kukunjua ngumi mara nyingi, kwa sababu misuli ikifanya kazi hutoa potasiamu. Usiisukume damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, wala usiitikise chupa, igeuze taratibu. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake, na maji ya juu ya sampuli hubadilika kuwa ya waridi au mekundu. Usitoe damu kwenye mkono wenye dripu, maana utapima dripu badala ya mgonjwa.

Na usisahau safari. Kliniki nyingi za mjini hupeleka sampuli maabara kubwa kwa bodaboda, na foleni ya Kampala tunaijua. Damu ambayo haijatenganishwa huendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto huongeza kasi hiyo. Ukiiweka juu ya barafu ukidhani unaitunza, potasiamu nayo huanza kutoka kwenye chembe. Andika saa uliyotoa damu, na mpe anayepeleka mapema.

Picha ya damu

Hii ni ile karatasi iliyoandikwa CBC. Ina mistari mingi, lakini anza na mitatu: hemoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani.

Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Kwa muda mrefu Shirika la Afya Duniani limetumia mipaka hii ya upungufu wa damu: chini ya 13 kwa mwanamume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 11 kwa mjamzito. Ikishuka chini ya 7 kwa mjamzito, hali ni nzito. Tazama pia mstari wa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zikiwa ndogo, fikiria kwanza upungufu wa madini ya chuma. Zikiwa kubwa, fikiria upungufu wa foleti au vitamini B12, na uulize kama mgonjwa anatumia zidovudini, dawa ya virusi vya UKIMWI inayojulikana kwa kuzikuza chembe.

Kwa mama wajawazito wa Owino, uliza swali moja zaidi, tena kwa upole: unakula udongo? Sokoni humo huuzwa emumbwa, vile vijiti vya udongo uliochanganywa na mitishamba, na wajawazito wengi huvitumia. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua mwilini, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe tumboni. Usimfokee. Ukimfokea atakuficha, na vidonge vya chuma utakavyompa havitafanya kazi vizuri, nawe hutajua sababu.

Mgonjwa wa sikoseli ni somo la peke yake. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uganda kwa kutumia damu ya karibu watoto 100,000, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa asilimia 13.3 wamerithi sifa ya sikoseli na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo utakutana nao. Wengi wao huishi na hemoglobini ya 7 au 8 siku zote, na miili yao imezoea. Ukiona 7.2, mwulize mama yake: huwa ngapi akiwa mzima? Aliyekuwa 7.5 mwezi uliopita yuko palepale alipokuwa. Aliyekuwa 9.5 wiki iliyopita amepoteza damu nyingi kwa muda mfupi, na anahitaji daktari mara moja, hasa kama bandama limevimba au macho yamekuwa ya manjano kuliko kawaida yake.

Chembe sahani ndizo zinazosaidia damu kuganda, na kwa kawaida huwa kati ya 150 na 400. Malaria huzishusha mara kwa mara, na malaria ikitibiwa huwa zinapanda zenyewe. Mtazame mgonjwa: anatoka damu kwenye fizi? Ana vidoadoa vyekundu kwenye ngozi? Hayo yakiwepo, piga simu. Yasipokuwepo na homa inashuka, rudia kipimo. Kumbuka pia kwamba chembe hizo zikigandiana ndani ya chupa, mashine huhesabu chache kuliko zilizopo.

Sodiamu: habari za maji

Sasa tuje kwenye madini ya damu. Sodiamu, inayoandikwa Na, hukaa kati ya 135 na 145. Watu hudhani sodiamu ikishuka mgonjwa hajala chumvi ya kutosha. Mara nyingi zaidi, maji yamezidi kulinganisha na chumvi iliyopo. Mtu anayeharisha na kutapika hupoteza maji na chumvi pamoja; akirudisha maji matupu peke yake, sodiamu hushuka. Nimonia na homa ya uti wa mgongo huweza kuufanya mwili ung'ang'anie maji. Vidonge vya shinikizo la damu vya kundi la hidroklorothiazidi hufanya hivyo pia, hasa kwa wazee. Na sukari ikipanda sana, huvuta maji kutoka kwenye chembe na kuifanya sodiamu isomeke chini.

Anayeumia ni ubongo. Ubongo hujaa maji, mgonjwa huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na mwishowe hupata degedege. Namba 124 iliyoshuka kwa siku moja inaweza kumletea degedege. 124 iliyoshuka polepole kwa wiki kadhaa, mgonjwa anaweza kukusalimia na kukuuliza habari za nyumbani. Huyu wa pili ndiye unayeweza kumuumiza kwa haraka yako. Ubongo wake umeshajirekebisha, na sodiamu ikipandishwa kwa kasi huharibu sehemu za ubongo, uharibifu ambao mara nyingi haurudi. Ndiyo maana kwa kawaida haipandishwi zaidi ya 8 hadi 10 ndani ya saa 24. Ukiona dripu inakwenda mbio kuliko ilivyoagizwa, ipunguze na utoe taarifa. Hiyo ni kazi yako kabisa.

Sodiamu ikipanda juu ya 145, karibu kila mara mgonjwa amekosa maji: mzee asiyeweza kuinuka, mtoto mchanga asiyepata maziwa ya kutosha, mgonjwa aliyepooza ambaye kikombe kiko mbali na mkono wake. Swali la kwanza hapo ni la kiuguzi: nani alimnywesha leo, na alikunywa kiasi gani?

Potasiamu: habari za moyo

Potasiamu, inayoandikwa K, hukaa kati ya 3.5 na 5.0. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili iko ndani ya chembe. Ile tunayoipima ni kidogo iliyo nje. Lakini kidogo hicho ndicho kinachoamua moyo upige vipi.

Ikishuka, misuli hulegea, tumbo hujaa gesi na kusimama, na moyo huruka mapigo. Husababishwa na kuharisha, kutapika, furosemidi ambayo wengi tunaiita Lasix, na salbutamoli kwa wingi. Wodi zetu zina sababu nyingine kubwa: amfoterisini inayotumika kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Dawa hiyo huzifanya figo zimwage potasiamu na magnesiamu pamoja. Ukiona potasiamu haipandi ingawa unairudisha, omba magnesiamu ipimwe, kwa maana bila hiyo figo huendelea kuimwaga.

Mwenye kisukari aliyezidiwa, anayepumua kwa kina na pumzi yenye harufu kama ya matunda, anaweza kuwa na potasiamu inayosomeka ya kawaida huku mwili wake umekaukiwa nayo. Insulini ikiingia, potasiamu hukimbilia ndani ya chembe na namba huporomoka. Ndiyo maana potasiamu inatakiwa ijulikane kabla ya insulini, na ikiwa chini ya 3.3 hurudishwa kwanza.

Na hili lishikeni wote: potasiamu kloridi ya mshipani haisukumwi kwa bomba la sindano. Kamwe. Huchanganywa kwenye dripu, hugeuzwageuzwa ichanganyike vizuri, na kwenye wodi ya kawaida haizidi kasi ya 10 mmol kwa saa. Kabla ya kuianza hakikisha mgonjwa anakojoa. Kichupa chake kiwekwe mbali na vichupa vya maji ya kuchanganyia dawa.

Sasa tumfikie yule mama wa 6.8. Mdogo wangu, hukutakiwa kumwachia aende, na hukutakiwa kuiamini namba bila kuihoji. Ungefanya mambo haya kwa pamoja. Mkalishe, mshike mpigo: una kasi gani, unaruka? Miguu ina nguvu? Anakojoa kama kawaida? Muulize dawa. Enalaprili, losartani na spironolaktoni hupandisha potasiamu. Septrini, ambayo watu wengi wenye virusi vya UKIMWI wameitumia kwa miaka kama kinga, huipandisha pia. Vilevile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa bila cheti na watu wanaobeba mabelo na kuumwa mgongo kila jioni. Hizo huzibana figo polepole. Soma kreatinini kwenye karatasi hiyo hiyo. Kisha piga simu maabara: sampuli ilikuwa nyekundu? Ilichelewa? Kalsiamu nayo imeshuka vibaya? Halafu toa damu upya, kwa utaratibu, na ipelekwe kama dharura. Kama kuna mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo, mpime saa hiyo hiyo. Mawimbi ya T yaliyochongoka, au mstari uliotanuka, ni moyo unaoomba msaada.

Akiwa mnyonge, au mpigo si wa kawaida, au ECG imebadilika, au figo zake zinajulikana ni mbovu, usisubiri jibu la pili. Huyo ni wa daktari na hospitali sasa. Atapewa kalsiamu glukoneti kuulinda moyo, insulini pamoja na glukosi na salbutamoli ya kuvuta ili potasiamu irudi ndani ya chembe, na kama figo zimeshindwa, hospitali ya Kiruddu ina huduma ya kusafisha damu. Akiwa mzima na ECG safi, msubirishe hapohapo mpaka jibu la pili lije. Biashara yake itamsubiri saa mbili. Na ujue pia kwamba chembe zilizopasuka zinaweza kuficha potasiamu iliyo chini na kuifanya isomeke ya kawaida. Sampuli mbaya hudanganya pande zote mbili.

Kalsiamu, magnesiamu na figo

Kalsiamu ikishuka, mgonjwa huhisi ganzi na kuchomachoma vidoleni na kuzunguka mdomo, na misuli hukakamaa. Kabla ya kushtuka, soma albumini. Sehemu kubwa ya kalsiamu hubebwa na protini hiyo, na mgonjwa mwenye utapiamlo huweza kusomeka chini huku kalsiamu inayofanya kazi iko sawa.

Magnesiamu mtakutana nayo zaidi leba. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na mara nyingi hakuna maabara ya kuipima. Hapo macho na mikono yenu ndiyo maabara. Kabla ya kila dozi: goti linaruka ukiligonga? Anapumua angalau mara 16 kwa dakika? Mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa? Goti likinyamaza, dozi inayofuata isimame. Kalsiamu glukoneti ikae kando ya kitanda tangu mwanzo, kwa sababu pumzi ikipungua hakuna muda wa kuitafuta stoo.

Yurea na kreatinini ni taka ambazo figo zilipaswa kutoa. Mwanamume mwenye misuli anayepakua magari na bibi mwembamba wa kilo 40 wakiwa wote na kreatinini 110, figo za bibi ndizo zilizo hatarini zaidi, kwa sababu misuli yake midogo hutengeneza kreatinini kidogo. Linganisha na karatasi ya zamani. Ikipanda kutoka 60 hadi 110 ndani ya siku mbili, mashine inaweza isiweke H, lakini figo zimeumia.

Dripu si maji ya baraka

Najua wagonjwa wanapenda dripu. Wanaona wametibiwa. Lakini tuna ushahidi wa hapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011, utafiti uitwao FEAST ulifanyika katika hospitali za Mulago, Soroti, Mbale na Lacor hapa Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule huko Muheza, Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri walipangwa kwa kura: wengine walipewa dripu ya haraka, wengine hawakupewa. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya dripu ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Hawakuwemo watoto waliokuwa wakiharisha wala wenye utapiamlo mkali, kwa hiyo msiuchukue kama katazo la kumwongezea maji mtoto aliyekauka kwa kuhara. Uchukueni hivi: maji ya mshipani ni dawa. Yana kipimo, yana sababu, na yanaweza kuua.

Kwa anayeharisha na anayeweza kunywa, ORS ndiyo mwalimu bora wa somo hili lote. Ile inayopendekezwa tangu 2002 ina sodiamu 75, potasiamu 20 na glukosi 75 kwa lita. Glukosi huifungulia sodiamu mlango wa utumbo, na maji hufuata. Pakiti moja, lita moja ya maji safi. Ukipunguza maji chumvi huzidi, ukiongeza unaipunguzia nguvu. Soda haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu sukari ni nyingi na chumvi ni kidogo mno. Mtoto aongezewe zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana mchanganyiko wake, ReSoMal, wenye sodiamu kidogo na potasiamu nyingi. Huyo mpelekeni kwa wanaojua, kama kitengo cha Mwanamugimu pale Mulago.

Kwenu wenye meza sokoni

Kipimo kinachouzwa bila mtu kukukagua mara nyingi hukuacha na wasiwasi kuliko ulivyokuja. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo cha Widal kimoja, uliza kama damu inaweza kuoteshwa. Widal inaweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Kile kipimo cha haraka cha malaria cha matone nacho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Dai karatasi yako, ni haki yako, na uzitunze zote kwenye bahasha moja. Ukienda hospitali nenda nayo, pamoja na dawa zote unazotumia, na mitishamba pia. Hakuna atakayekucheka, na kama yupo, tafuta muuguzi mwingine.

Ukimpigia daktari

Mdogo wangu, ulisema ulishindwa pa kuanzia. Anza hivi: "Daktari, ni sista fulani, nakupigia kuhusu mama wa miaka 45, potasiamu yake ni 6.8 na kreatinini 190. Anatumia losartani na diklofenaki. Yuko macho, mpigo ni 88, haurukiruki, shinikizo 150 kwa 90, miguu ina nguvu. Sampuli haikuwa nyekundu. Nimetoa nyingine, jibu linakuja baada ya nusu saa. Naomba uje umwone, au unielekeze nimpeleke wapi." Kisha rudia kwa sauti agizo utakalopewa, liandike, na uandike saa. Usipompata, piga kwa mkubwa mwingine. Usipopata mtu na mgonjwa anazidiwa, mpeleke.

Ujasiri huu hujengwa kwa mazoezi. Kuanzia zamu yako ijayo, kabla hujaifungua karatasi ya mgonjwa yeyote, mkague na uandike kwa penseli unavyodhani: hemoglobini yake iko chini? Potasiamu imepanda? Kwa nini? Kisha fungua, ulinganishe. Ukikuta tofauti, tafuta sababu mpaka uipate, na waulize watu wa maabara. Wanapenda kuulizwa na hawaulizwi vya kutosha. Fanya hivyo kwa mgonjwa mmoja tu kila siku. Baada ya miezi michache wenzako wataanza kukuletea karatasi zao, na wewe utawauliza kwanza: mgonjwa mwenyewe yukoje?

Dada yenu.